Fuga sauti kama unavyofuga kuku: jinsi ya kupata milio mipya ya sinthesaiza kwa vizazi

Kama umewahi kufungua Dexed, ile plagini (programu ndogo ya muziki) ya bure inayoiga sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983, hii hali unaijua. Unazungusha nobu nusu saa, sauti inatoka kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, unajaribu kurudi ulikotoka hukumbuki njia, mwishowe unachukua priseti (sauti iliyotengenezwa tayari) ile ile anayotumia kila prodyusa mtaani afu unaendelea na wimbo. Wala sio uzembe. DX7 ina operata 6, yaani mawimbi sita yanayosikika au kutikisana, ina mipangilio 32 ya kuziunganisha hizo operata, ukihesabu namba zote zinazotengeneza sauti moja unafika 145, nyingi zinaenda 0 mpaka 99, na kibaya zaidi hazina adabu: unasogeza moja kidogo tu, kengele nzuri inageuka bati la choo.

Mi nilikuwa natafuta mlio wa upatu. Sio upatu wenyewe, huo ningeenda kurekodi tu yakaisha, nilitaka kitu kinachogonga kama upatu ila kikishagonga kinabaki hewani kama kinanda, cha kuweka kwenye biti ya kasi. Siku tatu nazungusha nobu. Siku ya nne nikaacha kuzungusha nikaanza kufuga.

Yaani hivi: anayefuga kuku hajui ni jeni gani inampa kuchi ile shingo ndefu na wala hana haja ya kujua, yeye anaangalia waliokua bandani, jogoo anayemvutia anambakiza apandishe, wengine mchuzi, na baada ya vizazi kadhaa banda lina sura nyingine kabisa. Na sauti ya sinthesaiza ni orodha ya namba tu, ambayo unaweza kuichanganya na orodha nyingine, ukaivuruga kidogo, ukasikiliza watoto, ukabakiza wanaokupendeza. Kazi yako ni kusikiliza na kuchagua. Hesabu zote anafanya kompyuta.

Sio wazo langu. John Holland wa Michigan alishaziandikia nadharia algorithimu za jeni, yaani kompyuta kutafuta jibu kwa kuzalisha na kuchagua, mwaka 1975. Upande wa FM yenyewe, yaani ile njia ya DX7 ya kutengeneza sauti kwa wimbi moja kutikisa lingine, John Chowning aliigundua pale Stanford mwaka 1967 akiwa anachezea vibrato kwenye kompyuta, akaichapisha 1973, Yamaha wakanunua leseni na ndo tukapata DX7. Hizo njia mbili zikakutana vizuri mwaka 1993, Andrew Horner, James Beauchamp na Lippold Haken wakatumia algorithimu ya jeni kutafuta namba za FM zinazoiga vyombo halisi. Baadaye Msweden Palle Dahlstedt akaja na kitu kikaingia kabisa kwenye sinthesaiza ya dukani, Nord Modular G2, ambayo programu yake ina sehemu ya kuzalisha sauti kwa kuchagua wazazi. Kwahiyo hii kitu ina umri. Wengi tu hatujaambiwa.

Ila kabla hujaanza shika hili maana mwongozo mzima umejengwa juu yake: kinachokwamisha hii kazi ni sikio. Al Biles, yule mpiga tarumbeta aliyetengeneza programu ya jazi ya GenJam mwaka 1994, aliliona hilo mapema, kompyuta inazalisha haraka lakini mtu lazima asikilize moja moja. Piga hesabu mwenyewe. Sauti 100 kwa kizazi, vizazi 50, kila sauti sekunde 2, hizo ni sekunde 10,000, karibu saa 2 na dakika 47 za kusikiliza bila kupumua. Hakuna sikio la hivyo. Kwahiyo kila utakapoona nimebana namba, nimefupisha sauti, ujue nalihurumia sikio.

Vitu vya kuwa navyo

Laptopu yoyote inayowaka, Python na numpy (maktaba yake ya hesabu), na hedfoni. Spika za laptopu hapana, zinakula besi yote utachagua kitu usichokisikia. Kama hujui kuprogramu usikimbie, chini kabisa kuna njia ya karatasi na kete, na mi naona hata anayejua kuprogramu aijaribu hiyo kwanza.

Hatua ya 1: Tengeneza sinthesaiza ndogo mno

Usianze na operata 6. Chukua wimbi moja linalosikika na mawimbi mawili ya kulitikisa, basi. Fomula yenyewe mstari mmoja:

pembe = 2π × 220 × t
sauti = sin(pembe + I1 × sin(u1 × pembe) + I2 × sin(u2 × pembe))

Hapo u1 na u2 ni uwiano, yaani wimbi linalotikisa lina kasi mara ngapi ya lile linalosikika, I1 na I2 ni nguvu ya kutikisa, na t ni muda kwa sekunde. Ile 220 ni noti, hezi 220, na noti usiiguse kabisa wakati wa kufuga, kila sauti iwe noti hiyo hiyo la sivyo utajikuta unachagua noti badala ya mlio. Nguvu zote mbili zififie na muda, kila moja kwa mwendo wake, afu sauti nzima nayo iwe na ataki (muda wa kupanda mwanzoni) na kufifia kwake. Mwisho wa kila sauti weka milisekunde kama 10 za kushuka mpaka sifuri, ili isikate na kile kimlio cha "tik".

Jumla unapata namba nane, ndo jeni zako:

1. uwiano wa kwanza, 0.25 mpaka 8
2. nguvu ya kwanza, 0 mpaka 12
3. muda wa nguvu ya kwanza kufifia, sekunde 0.02 mpaka 3
4. ataki ya sauti, sekunde 0.001 mpaka 0.5
5. muda wa sauti kufifia, sekunde 0.05 mpaka 3
6. uwiano wa pili
7. nguvu ya pili
8. muda wa nguvu ya pili kufifia

Kuna mtu atasema nane kidogo. Nane ni nyingi we subiri.

Hatua ya 2: Jeni zote zikae kati ya 0 na 1

Ndani ya kompyuta kila jeni iwe namba kati ya 0 na 1, halafu uwe na ramani ya kuigeuza kuwa thamani ya kweli. Hii inarahisisha kuchanganya baadaye. Sasa ramani yenyewe ndo wengi wanapoteleza. Kwenye nguvu, nyosha tu, 0.5 ni nusu ya 12 yaani 6. Lakini kwenye muda na kwenye uwiano usinyoshe, maana sikio linasikia kwa mara, halisikii kwa kujumlisha. Tofauti ya ataki ya milisekunde 1 na 20 ni ya kugonga na kupuliza, wakati tofauti ya 400 na 419 hakuna binadamu atakayeisikia. Kwahiyo tumia: thamani = chini × (juu ÷ chini) kipeo cha jeni.

Jaribu na ataki. Chini 0.001, juu 0.5, jeni ikiwa 0.5 unapata sekunde 0.022, milisekunde 22. Ungenyosha ungepata milisekunde 250, na maana yake nusu nzima ya kuku wako wangezaliwa wavivu, wote wanapuliza, hakuna anayegonga. Mi kizazi changu cha kwanza kabisa kilikuwa hivyo, nikadhani FM haiwezi kugonga.

Kwenye uwiano kwa ramani hiyo hiyo kuna bahati nzuri: jeni 0.40 inatoa 1 kamili, 0.60 inatoa 2 kamili, na 0.50 inatoa 1.414. Hizi tatu zikumbuke, tutazirudia.

Hatua ya 3: Kizazi cha kwanza

Sauti 8, kila jeni namba ya bahati nasibu. Sekunde 2 kila moja. Kizazi kizima unakisikiliza kwa sekunde 16, ndo maana nimesema 8.

Nyingi zitakuwa takataka. Ni sawa, hata vifaranga wa kwanza wa banda lolote ni mchanganyiko wa kila aina. Kama hakuna hata moja yenye kitu, usilazimishe, zalisha 8 nyingine mpaka upate mbili ambazo angalau zinakufanya uinue kichwa.

Hatua ya 4: Sawazisha sauti kabla hujasikiliza (usiruke hii)

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipigwa.

Kila mtu anajua sauti ikiwa kubwa zaidi sikio linaipenda zaidi hata kama ni ile ile. Kwahiyo nikapima nguvu ya kila sauti nikazilinganisha zote, nikajiona mjanja. Nikafuga vizazi saba. Kila kizazi sauti inazidi kuwa kali, ya sita ikawa filimbi ya trafiki, ya saba sikutaka hata kuisikiliza. Nikarudi nyuma kuangalia jeni, nguvu ya kutikisa imepanda kutoka 3 hadi karibu 11, na mimi mwenyewe ndo niliyekuwa naichagua kila mara kwa mkono wangu.

Sababu ni hii. Kwenye FM ukiongeza nguvu ya kutikisa, nishati ya sauti haiongezeki, inasambaa tu kwenda kwenye masafa mengine, kwahiyo ukipima nguvu ya kawaida sauti zote zinaonekana sawa hata usipozisawazisha. Lakini sikio halisikii masafa yote sawa, limekaa vizuri zaidi pale hezi 2,000 mpaka 5,000. Nishati ikihamia huko sikio linasema "hii kubwa", na ikisemwa kubwa inasemwa nzuri. Dawa: kabla ya kupima, pitisha sauti kwenye kichujio cha A, kile wanachotumia kupimia kelele, ambacho pale hezi 200 kinapunguza kama desibeli 11 na pale 1,000 hakipunguzi kitu. Ukishapima hivyo ndo usawazishe. Pima kwenye kipande cha milisekunde 200 chenye nguvu kuliko vyote, usipime sekunde 2 nzima, vinginevyo sauti fupi fupi za kugonga zitapandishwa mpaka zikupasue masikio. Na acha nafasi juu, maana sauti nzito sasa zitakuwa zinapandishwa karibu desibeli 10 kuzidi zile kali.

Kingine cha kuchunga hapo hapo: kukunjana kwa masafa. Ukirekodi kwa vipimo 44,100 kwa sekunde huwezi kubeba kitu kilichopita hezi 22,050, kikizidi kinarudi chini kama mpira uliogonga dari. Uwiano ukiwa 8 na nguvu 12, ukingo wa juu ni kama 220 + 1,760 × 13, ambayo ni 23,100. Umepita. Na hapo ni wimbi la kwanza peke yake. Kama hutaki huo mchanga, tengeneza sauti kwa 88,200 afu ushushe, au weka sheria kwamba uwiano ukiwa mkubwa nguvu ibanwe. Wengine wanaupenda huo mchanga. Mi pia, siku zingine.

Hatua ya 5: Sikiliza na uchague wawili au watatu

Usitoe maksi. Nimejaribu kutoa maksi 1 mpaka 10 na ni upuuzi, sauti niliyoipa 7 saa mbili usiku, saa mbili na robo nikiisikia tena naipa 5, sikio limeshachoka na limeshazoea. Chagua tu wazazi. Swali unalojiuliza ni moja: hii ningeiweka kwenye wimbo?

Programu ichanganye mpangilio kila unaposikiliza, usijue yupi ni mzazi wa zamani na yupi ni mtoto, maana ukijua utampendelea mzee wako. Sikiliza mara moja zote nane bila kuchagua, mara ya pili ndo uchague. Afu kila baada ya vizazi vinne vua hedfoni, nenda kanywe maji, sikiliza hata daladala zinazopita, sikio lirudi.

Na hifadhi! Kila kizazi, namba zote za kila kuku ziandikwe kwenye faili ya maandishi kabla hujasikiliza chochote. Mi nilikuwa kizazi cha tisa, betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi inaishi kwa waya, umeme ukakatika. Ile sauti sijawahi kuipata tena mpaka leo, na ni namba nane tu, zingekaa hata kwenye kiganja.

Hatua ya 6: Kuzalisha

Kizazi kipya cha 8 mi nakipanga hivi: mmoja ni yule bora kama alivyo bila kuguswa, wanne ni watoto wa wazazi wawili, wawili ni nakala za yule bora zilizovurugwa kidogo, na mmoja ni mgeni kabisa, namba za bahati nasibu. Mgeni usimtoe. Mara nyingi ni takataka, ila bila mgeni banda linakuwa la ndugu watupu, na baada ya vizazi sita unasikiliza sauti nane zisizo na tofauti unadhani hedfoni zimeharibika.

Kuchanganya kwenyewe ni kurusha sarafu kwa kila jeni. Hii hapa jozi halisi kutoka kwenye faili langu:

baba: 0.50 0.35 0.62 0.01 0.85 0.60 0.10 0.08
mama: 0.60 0.20 0.30 0.45 0.70 0.40 0.05 0.50
sarafu: B M M B B M B M
mtoto: 0.50 0.20 0.30 0.01 0.85 0.40 0.10 0.50

Msome huyo mtoto. Uwiano wa kwanza ni 1.414 kutoka kwa baba, kwahiyo ukiwa kwenye 220 unapata masafa kama 91, 220, 402, 531, 842, ambayo hayana mpangilio wa noti, na ndo maana yanalia kama chuma. Nguvu yake ni 2.4 tu, ya mama, na inafifia kwa muda wa milisekunde 90, kwahiyo chuma kinasikika pale pale kwenye kugonga halafu kinaondoka. Ataki milisekunde 1, ya baba, inagonga kweli. Uwiano wa pili ni 1 kamili, mpole, nguvu 1.2, unakaa kama robo sekunde, huo ndo unakuwa mwili wa kinanda chini ya chuma. Sauti nzima inafifia kwa sekunde 1.6. Baba yake alikuwa kengele tu, mama yake alikuwa anapuliza kama mtu anayelalamika, na kati yao katoka huyu anayegonga kama upatu na kubaki kama kinanda. Mimi kwa mkono nisingeweka 1.414 na 1 pamoja, nisingewaza.

Sasa angalia kitu kimoja. Ningefanya wastani badala ya sarafu, uwiano wa kwanza ungekuwa 0.55, ambayo ni 1.68. Baba ana 1.414 analia chuma, mama ana 2 ambayo inatoa harmoniki zile za 1, 3, 5 (masafa ya mara 1, 3, 5 ya noti) kama klarineti, na mtoto wa 1.68 hafanani na yeyote kati yao. Kwenye muda wastani hauna shida, mtoto wa ataki fupi na ataki ndefu ni ataki ya kati, inaeleweka. Kwenye uwiano wastani ni mauaji. Uwiano urithiwe mzima mzima.

Kuvuruga nako kuna kisa hicho hicho. Kwa kila mtoto, kila jeni ipewe nafasi moja kati ya nne ya kuguswa, wastani jeni mbili kwa mtoto, na ikiguswa iongezwe au ipunguzwe kidogo, mara nyingi chini ya 0.1. Ikivuka ukingo irudishe ndani, 0.02 ikipunguzwa 0.07 inakuwa 0.05, usiibandike kwenye 0 maana utapata kuku wote wamejazana ukutani. Hiyo ni kwa jeni za muda na nguvu. Kwenye uwiano hata 0.02 ni nyingi: jeni ikitoka 0.40 kwenda 0.42, uwiano unatoka 1 kwenda 1.07, na kwa noti ya 220 ghafla unapata hezi 251 na ushee zinazokwaruzana na ile 220 yenyewe. Badiliko dogo kwenye namba, ajali kwenye sikio.

Nilichofanya mimi, jeni za uwiano nikazipa sheria yao. Zina orodha: 0.5, 1, 1.414, 2, 3, 3.5, 5, 7. Zikivurugwa zinaruka kwenda jirani kwenye orodha, na mara moja moja badala ya kuruka zinateleza kidogo mno, nusu asilimia. Huko kuteleza ni kutamu, 1 ikiwa 1.005 unapata 222.2 ikikaa karibu na 220 na sauti inaanza kupumua kama mara mbili kwa sekunde. Toka nilipoweka hiyo sheria watoto wakaanza kufanana na wazazi wao, na hiyo ndo shida kubwa ya ufugaji wa sauti, mtoto asipofanana na mzazi unakuwa hufugi, unacheza bahati nasibu.

Hatua ya 7: Rudia, na ujue pa kuacha

Vizazi 8 mpaka 12 vinatosha. Yule bora akishinda mara tatu mfululizo bila mtoto kumpiku, acha, au punguza ukubwa wa kuvuruga mpaka 0.03 uendelee vizazi viwili vya kunyoosha tu. Kama baada ya vizazi vitano hujasikia kinachokuvutia, usiendelee kwa ukaidi, anza banda jipya.

Kama tayari una sauti unayoitaka

Tuseme una sampo (kipande cha sauti kilichorekodiwa) ya ala fulani na unataka FM iige. Hapo sikio lipumzike, kompyuta ijihukumu: inatengeneza sauti, inalinganisha spektramu yake (nguvu iliyopo kwenye kila masafa) na ya sampo kipande kwa kipande, tofauti ikiwa ndogo kuku anapona. Sasa unaweza kuwa na kuku 100 na vizazi 100, sauti 10,000, hakuna anayesikiliza. Linganisha kwa desibeli, usilinganishe namba ghafi, la sivyo mkia wa sauti hautahesabika kabisa. Na usilinganishe wimbi kwa wimbi, sauti mbili zinazosikika sawa zinaweza kuwa na mawimbi yasiyofanana hata kidogo.

Ila usiiamini mpaka mwisho. Mashine itakuletea kitu chenye tofauti ndogo kuliko vyote na bado sikio linakataa, mara nyingi kwenye zile milisekunde chache za kugonga, ambazo kwenye hesabu ni kidogo na kwenye sikio ndo kila kitu. Kwahiyo mashine ikufikishe mtaani, nyumba utafute mwenyewe: chukua kuku wake watano bora uwaingize Hatua ya 5.

Ukitaka kufuga DX7 kamili

Faili ya benki ya DX7 ina sauti 32, kila moja baiti 128, na Dexed inazisoma. Unaweza kuzichanganya, ila kwa sharti mbili. Kwanza funga mpangilio wa operata, yaani wazazi wote wawe na algorithimu ile ile kati ya zile 32, ukiwachanganya wa tofauti ni kama kupandisha kuku na bata. Pili, operata irithiwe nzima na envelopu zake (mwendo wa kupanda na kushuka) zote, usikate katikati, mwendo wa kupanda wa huyu ukichanganya na mwendo wa kushuka wa yule unapata sauti zilizokatika katika.

Njia ya karatasi

Fungua Dexed, anza na sauti tupu, washa operata mbili tu. Chagua namba nane utakazocheza nazo, ziandike juu ya karatasi kama safu. Jaza sauti nne kwa namba za ovyo. Sikiliza, chagua mbili. Mtoto: kwa kila safu rusha sarafu kuona anarithi wapi, halafu rusha kete, ikitoka sita badilisha hiyo namba kwa 10 juu au chini. Tengeneza wanne, endelea. Jioni moja unafika kizazi cha tano na utakuwa umeshajua masikio yako yanapenda nini, mi nilishangaa yangu yanapenda ataki ambazo sio kali sana.

Ukishapata

Wako umemfuga kwenye hezi 220 tu, kwahiyo kabla ya kumwingiza kwenye wimbo mpige noti za juu na za chini. Juu atakuwa mkali, punguza nguvu ya kutikisa kadri noti inavyopanda, nusu kwa kila okteva ni pa kuanzia. Chini anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Yule mtoto wangu hapo juu, faili lake linaitwa k07_03, nilipomshusha mpaka hezi 55 upatu ukapotea ukaja mngurumo kama lori linalopanda mlima na gia ndogo, nikamhifadhi mara mbili, kwenye folda ya kengele na kwenye folda ya ngoma.